Sura ya Sita: Matokeo Yakishatoka

Mwishoni mwa Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mzazi hatafuti takwimu za taifa. Anatafuta mstari mmoja. Anaufungua kwenye simu yake, au kwenye simu ya jirani mwenye bando, anashuka shule kwa shule mpaka aione namba ya mwanawe. Mstari wenyewe ni mfupi: namba ya mtihani, jinsia, pointi, daraja, kisha masomo na alama zake. Tuutunge mmoja unaofanana na mingi ambayo wazazi wamewahi kuniletea: pointi 32, daraja la nne. Uraia D, Historia F, Jiografia F, Kiswahili C, Kiingereza F, Biolojia F, Hisabati F.

Mzazi akishaona hizo F zilivyojipanga, simu inarudi mezani. Hakuna anayekula vizuri usiku ule. Mama anaingia chumbani, baba anatoka kwenda kukaa nje, na swali linalotawala nyumba nzima, liwe limesemwa au limemezwa, ni moja: huyu mtoto sasa atakuwa mtu gani?

Nakuomba, mzazi mwenzangu, urudi kwenye ule mstari, kwa sababu bado hujausoma. Umeuangalia tu.

Anza na hesabu yake. Alama A ina pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, na zinajumlishwa za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Pointi 34 na 35 ndiyo sifuri. Maana yake, mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33 na anaitwa wa daraja la nne. Mwenye D moja na F sita ana 34, na mtaa mzima unasema kapata ziro. Kati yao lipo somo moja. Na kwa kuwa D inaanzia maksi 30 na F inaishia 29, inawezekana kabisa ikawa maksi moja. Nimeona kijana akitengwa na nduguze kwa ajili ya maksi ambayo hakuna mtu angeigundua kwenye karatasi ya somo lolote.

Sasa tazama ile C. Iko kwenye Kiswahili, somo pekee katika mstari ule lililofundishwa na kutahiniwa kwa lugha anayoiota. Masomo mengine yote aliyasoma kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa akiisoma shule ya msingi kama kipindi kimoja kati ya vingi, halafu ghafla kidato cha kwanza ikawa ndiyo mlango wa kila kitu, kuanzia mfumo wa mmeng'enyo wa chakula hadi Vita vya Majimaji. Jambo hili halijaanza jana. Mwaka 1984 Criper na Dodd, watafiti wawili walioletwa kuchunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, wamelisema hilo kwa miongo. Kwa hiyo F ya Jiografia katika mstari ule inaweza kuwa inasema kwamba mtoto hajui mvua inatokeaje. Inaweza pia kuwa inasema kwamba anajua vizuri, ila swali hakulielewa, au alilielewa akakosa maneno ya kulijibu. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Na F ya Hisabati? Hiyo anaibeba pamoja na taifa. Miaka nenda rudi, wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hawafiki hata theluthi ya watahiniwa. Mzazi anayemwita mwanawe kilaza kwa sababu ya F ya hesabu anamhukumu mtoto mmoja kwa kosa la mfumo mzima.

Siyasemi haya ili kukupoza. Hofu yako ina haki, na ninaiheshimu. Mama lishe wa Temeke hana mfuko wa hifadhi ya jamii unaomsubiri akifika miaka 60. Mfuko wake ni watoto. Alipotoa hela ya tuisheni kwenye mauzo ya wali na maharage alikuwa anajiwekea uzee wake. Baba wa Sengerema aliyeuza ng'ombe ili kijana akae hosteli karibu na shule hakuuza kwa sifa. Na watu wa umri wetu tulikua tukiona cheti cha kidato cha nne kikimpeleka mtu benki, posta, reli, ofisi ya mkoa. Shangazi mmoja aliyeajiriwa alisomesha ukoo. Kumbukumbu hiyo bado inatutawala, ingawa njia yenyewe imeshakuwa nyembamba mno: leo wenye shahada wanaomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira na kusubiri miaka. Tunalia kwamba mtoto ameikosa barabara ambayo hata walioipata wamekwama humo.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alipinga shule kufanywa ngazi ya kumvusha mtoto kwenda daraja linalofuata tu, huku wengi wasiovuka wakionekana wameanguka. Tulilisifia andiko, tukaendelea kuwapanga watoto kama zamani.

Wazazi wa mwaka 2013 walionja uchungu huu kwa pamoja. Tarehe 18 Februari mwaka ule yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000 kati ya takriban 397,000 wakawa wamepata sifuri. Ni watu sita katika kila kumi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza alama zipangwe upya. Maelfu ya vijana waliokuwa wameitwa ziro kwa miezi mitatu wakajikuta wana daraja la nne, bila kushika kalamu tena. Katika miezi hiyo mitatu baadhi yao walikuwa wameshatukanwa, wameshafukuzwa majumbani, na magazeti yaliripoti waliojitoa uhai. Hao hakuna kikao cha Baraza kilichoweza kuwapangia upya chochote.

Kwa hiyo nianze na hili kabla ya jingine lolote: usiku wa matokeo, mtoto asilale peke yake na aibu yake. Akianza kusema hafai kuishi, au kugawa vitu vyake, au kunyamaza kwa namna usiyoizoea, usingoje apoe. Kaa naye, na kesho yake mpeleke kituo cha afya, ueleze ulichokiona.

Mengi ya kufanya yanaanzia kwenye mazungumzo ambayo familia nyingi haziyafanyi. Nilikaa na baba mmoja, dereva wa daladala wa Mbagala, na kijana wake aliyepata sifuri. Walikuwa hawajasemezana kwa wiki kadhaa, baba akituma ujumbe kwa mama, na kijana akijibu kwa mama. Tulipokaa, baba alianza kwa ukali, akahesabu ada, nauli na viatu. Kijana aliinamisha kichwa. Kisha baba akachoka, akauliza kwa sauti nyingine kabisa:

"Hivi mwanangu, ulianza lini kutoelewa?"

"Fomu wani, baba."

"Fomu wani? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wote tulikuwa hatuelewi. Mwalimu akiuliza, tunaitika 'yes'."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Baadaye ilijitokeza kwamba kijana alikuwa anakaa dawati la nyuma, darasa limejaa, na ubao alikuwa hauoni vizuri. Alikuwa ananakili kwa jirani. Hakuwahi kupimwa macho.

Simsimulii kijana huyu ili nikuambie kila anayefeli ana tatizo la macho. Nataka uone kwamba lile swali la baba lilikuwa jema kuliko "atakuwa mtu gani", kwa sababu lina jibu. Ulianza lini kutoelewa? Somo gani ulikuwa unalielewa akilieleza mwenzako kwa Kiswahili? Ukisoma ukurasa mmoja, kinachokuchosha ni maneno au ni macho? Majibu haya mtoto anayo, ila hajaulizwa.

Mpe asome kwa sauti. Kitabu chochote cha Kiswahili, gazeti hata, aya moja. Wazazi wengi huona aibu kumfanyia hivyo mtu wa miaka 17, lakini mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulionyesha kwamba mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wengine hupita hivyohivyo hadi sekondari, wakijificha nyuma ya kukariri. Ukiona anaruka maneno mafupi, anageuza herufi, anasoma mstari uleule mara mbili, na hali ukimsimulia jambo analishika lote, huenda ana disleksia. Hiyo ni shida ya ubongo kuunganisha herufi na sauti. Haihusiani na uvivu, wala haipimi akili. Watu wenye akili kali sana wanayo. Walimu waliosomea elimu maalumu wapo, wengi wao wamepita Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Ofisa elimu wa kata anajua yupi yuko shule gani. Nenda ukamuulize.

Sasa tuje kwenye Februari, mwezi ambao familia nyingi huupoteza.

Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wale wanaorisiti, kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari. Machi unalipia na faini. Una wiki nne tu. Ndizo wiki zilezile ambazo nyumbani kuna msiba, baba hazungumzi, mama anaombea, kijana amehamia kijiweni. Mpaka machozi yanakauka, Aprili imeingia na dirisha limefungwa. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo hupokea maombi ya kozi ndefu katikati ya mwaka kuelekea mwishoni, na mafunzo huanza Januari. Kijana aliyefanya mtihani Novemba, akasubiri matokeo ndipo aanze kufikiri, hukuta mwaka huo wa masomo umeshaondoka. Hivyo anakaa nyumbani mwaka mzima pasipo mtu kuupanga, na mwaka usiopangwa humfundisha kijana kuamini kwamba kweli hana pa kwenda. Naamini vijana wengi zaidi wamepotelea humo kuliko kwenye mtihani wenyewe.

Ndugu watakwambia maji yakimwagika hayazoleki. Katika jambo hili si kweli. Anayerisiti halazimiki kurudia masomo yote. Anaweza kuchagua yale anayoyahitaji, akakaa miezi tisa na masomo mawili au matatu badala ya kutawanyika kwenye saba. Ngazi ya astashahada katika vyuo vingi huanzia kwenye ufaulu wa masomo manne, D zikiwamo, ukiacha masomo ya dini. Kozi za afya huongeza sharti la Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa kijana wa mstari wetu wa mwanzo, mwenye C ya Kiswahili na D ya Uraia, pengo ni masomo mawili. Ukimwambia "umefeli" hana pa kuanzia. Ukimwambia "tunatafuta D mbili, na moja iwe Kiingereza maana ndicho kinachofungua nyingine", ana kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi.

Lakini asirisiti kwa sababu wewe unaona haya kusema kanisani au msikitini kwamba mwanao anasoma ufundi. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wazazi ambao kipato chao kinazidi kidogo cha sisi wengine: kijana anarisiti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mwaka na tuisheni yake, hadi miaka 23, akiwa hajui kushika kitu chochote. Nasema arisiti mara moja kwa mpango. Kama sababu ya kufeli haijaguswa, mara ya pili italeta mstari uleule.

VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake hupokea hata aliyeishia darasa la saba. Ada ya kozi ndefu katika vyuo vya serikali imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, chini ya kile ambacho wengi hulipia tuisheni. Nenda na mtoto kabla hajachagua. Mruhusu asimame kwenye karakana ya uchomeleaji, apite kwenye umeme, aone ushonaji, aone jiko la mapishi. Fani ichaguliwe na mikono yake, isichaguliwe na masikio yako yaliyosikia kwamba mtoto wa fulani anapata hela kwenye aluminiamu. Uliza pia mtaani kwako nani anaitwa nyumba zikipasuka mabomba, na kama anatosha.

Kuna wazazi ambao mtoto wao yuko gereji tayari, spana boi, anajifunza kwa kutumwa. Usidharau. Wengi wa mafundi tunaowategemea walipita hapo. Ila ujuzi wa mikono peke yake una ukuta mbele yake, na ni vizuri ukuta huo ukajulikana mapema. Fundi umeme akitaka kufanya kazi kihalali anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nayo hutolewa kwa madaraja kulingana na vyeti na uzoefu wake. Mkandarasi mwenye tenda ya halmashauri hataandika jina la fundi asiye na karatasi. Hapa ndipo utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi unapoingia: fundi aliyejifunza kazini hupimwa anachokijua kwa vitendo, huongezewa alichopungukiwa, kisha hupewa cheti. Watu wazima wamefanya kazi miaka 15 bila kusikia habari zake. Kijana wa gereji na awe na daftari, aandike kila kazi aliyoifanya, gari gani, tatizo gani, alitengeneza nini. Siku ya kupimwa litamsaidia kukumbuka, na litamzoesha kuandika, jambo ambalo shule haikumpa.

Kwa binti hofu ya wazazi huchukua sura nyingine. Akifeli mvulana anaulizwa atafanya kazi gani. Akifeli msichana, mara nyingi swali linabadilika kimyakimya kuwa ataolewa lini, na posa zinazokuja Machi hupokelewa kwa ahueni. Nawasihi akina mama hasa msizikimbilie, kwa kuwa wengi wetu tunajua ahueni ile inadumu muda gani. Njia nyingine ipo: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden na ambavyo leo ni zaidi ya 50 nchini, hufundisha ufundi na pia huwarudisha wasichana kwenye masomo ya sekondari. Baadhi vina mahali pa kulea watoto wadogo wakati mama zao wako darasani. Na tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kama ndiyo hali ya binti yako, usisubiri mwalimu mkuu akuite. Nenda wewe.

Akishapata ufundi atahitaji vifaa, na vifaa ni hela. Halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hutolewa hasa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo kijana aanze kutafuta wenzake wa kuaminika akiwa bado chuoni. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona.

Nimalizie na wenye watoto wadogo, ambao bado wana muda. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi na kuigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na kuanzia 2024 baadhi ya shule zilianza kupokea wanafunzi wa amali. Nautakia mkondo huu mema. Naogopa jambo moja: kwamba utageuzwa pa kuwatupia watoto walioonekana wazito, ilhali wenye akili wakipelekwa kule kwingine, na baada ya miaka michache neno amali litatamkwa nyumbani kama tunavyotamka ziro leo. Wa kulizuia hilo ni wazazi, kwenye kikao cha shule. Uliza kama karakana imejengwa. Uliza mwalimu wa fani ana cheti cha fani hiyo au ni mwalimu wa Historia aliyeombwa kusaidia. Uliza watoto wangapi wanagawana mashine moja. Ukiambiwa vifaa viko njiani, omba mwezi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mwezi huo ukifika rudi shuleni.